Mayai ya Kuchemsha Nyumbani kwa Wifi

Jumatano, 31 Julai 1957. Kihesa, Iringa

Basi, imekuwa. Sista wa hospitali amechemsha mkojo wangu na ile dawa yake ya bluu, mbele ya macho yangu, ukageuka rangi ya tofali. Akatikisa kichwa. Ugonjwa wa sukari, Matilda. Nikamwambia mimi kwenye chai naweka kijiko kimoja tu, tena si cha kujaa. Akasema si sukari ya chai. Ni ugali. Ni uji, wali, viazi, mkate, ndizi, mahindi ya kuchoma, togwa — vyote acha. Nyama kula. Mayai kula. Mboga kula, na maziwa kidogo.

Nikamuuliza, sasa chakula nitakula nini? Akarudia: nyama, mayai, mboga. Sista ni Mzungu, hajui kwamba hivyo ni vitoweo. Kitoweo bila ugali mtu anakifanyia nini?

Akasema nikipuuza, miguu itakufa ganzi, na macho yatafuata. Nimerudi nyumbani naona aibu kama msichana aliyefukuzwa shule. Mjane mzima, mwalimu wa ushonaji, mnene wa heshima — kumbe heshima yenyewe ni ugonjwa!

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 2 Agosti

Ijumaa ni mateso. Kanisa limekataza nyama, Sista amekataza ugali. Nimebaki na mayai na majani ya maboga. Mchana wasichana wa shule walisonga ugali wao, harufu ikaja mpaka chumba cha vyerehani. Nimeshona kola ya shati ndani nje.

Jioni nilikwenda kuazima chumvi kwa jirani yangu Severina. Akatoka kidogo kumfukuza mbuzi, akaniacha jikoni na sufuria lake. Nimekula ukoko! Nimeubandua kwa kucha. Aliporudi nilikuwa nimesimama katikati ya jiko, mdomo umefungwa, namwitikia kwa kichwa tu. Nimetoka bila ile chumvi.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeungama. Padre akauliza, ukoko wa nani? Nikasema wa Severina. Akasema mwombe radhi Severina, lakini ugali si dhambi, mwanangu. Nilitaka kumwambia kwamba kwangu mimi sasa ni dhambi, ila watu walikuwa wengi nyuma yangu.

Nimejipanga upya. Unga wote wa ndani nimempa Severina — akauliza kama nahama. Nikasema umeingia wadudu. Uongo mwingine. Nyama nimeikata vipande virefu, nimeitundika juu ya moshi. Mayai nimenunua, karanga nimekaanga. Sista amenifundisha: njaa isikukute mikono mitupu. Ikikukuta huna kitu, utakula kilicho karibu, na nchi hii kilicho karibu siku zote ni ugali. Hapo amesema kweli. Kwa hiyo sasa asubuhi kabla ya yote nachemsha mayai ya kutwa nzima, nayatia kwenye mkoba pamoja na nyama kavu.

Jumamosi, 10 Agosti

Wiki ilikwenda vizuri mpaka leo. Juzi mkojo umegeuka kijani tu, Sista akanipiga begani, nikatoka hospitali natembea na kichwa juu. Kiu ya usiku imepungua. Hata ngazi za kanisa nimezipanda bila kusimama.

Leo sokoni Mlandege nimekunywa togwa. Kata mbili. Nilijiambia togwa ni kinywaji, mtu hali togwa. Lakini Sista aliitaja kwa jina, na nilimsikia, nilijifanya sikusikia. Ovyo kabisa mimi. Nimeshindwa hata kusali jioni, naona haya kuomba afya na tumbo limejaa togwa.

Jumanne, 13 Agosti

Dereva wa basi la Mbeya ameniletea maneno kutoka kwa mdogo wangu Kasian. Wakwe watakuja kwake Iyunga Jumatano ijayo, kufunga maneno ya harusi ya binti yake Tusekile. Shangazi lazima awepo. Shule imefungwa, sina sababu ya kukataa. Na sitaki kukataa! Tusekile nimempenda tangu yuko mgongoni.

Kuna jambo la mama tu. Mama yetu alifia kwa Kasian, mwaka wa tatu sasa. Alikula ndizi jioni, zimepikwa na mke wa Kasian, Atuganile. Asubuhi hakuamka. Alikuwa mzee, moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Lakini huku ukoo ulianza kunong'ona: yule Mnyakyusa amempa nini mama yetu? Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao cha matanga nikawaambia wazee wafunge midomo. Nilisema, Atuganile amemwogesha mama yangu kwa mikono yake, nani kati yenu alifanya hivyo? Tangu siku ile Atuganile kwa kila basi ananitumia kitu: mchele, ndizi, maziwa ya mgando ndani ya kibuyu.

Alhamisi, 15 Agosti. Sikukuu ya Kupalizwa

Baada ya Misa nilipita kwa Sista kuaga. Amerudia mara mbili: safarini beba chakula chako, usile usichokijua, nyumba za watu ndizo zinazowaangusha wagonjwa wangu. Nikasema ndiyo, Sista. Mayai yanachemka sasa hivi. Nimechukua mengi, kwa baridi ya huku yatakaa bila kuoza. Safari hii siangushwi na mtu.

Jumamosi, 17 Agosti. Iyunga, Mbeya

Vumbi! Kuanzia Makambako sikuona hata sura ya aliyekaa karibu nami. Lakini nimekula mayai yangu na nyama yangu. Wengine walishuka kununua viazi na mahindi, mimi nimekaa kwenye kiti changu najisifu moyoni.

Atuganile amenikimbilia mpaka barabarani. Ndaga, wifi, ndaga, asante kwa kuja! Akashika mkoba wangu kunipokea — nikauvuta. Niliuvuta kweli! Nilisema ni mwepesi, nitabeba mwenyewe. Aliutazama mkono wake, kisha akacheka.

Mezani: ndizi za maziwa, wali mweupe wa Kyela, majani ya maboga, kuku mzima kwenye mchuzi. Amekuwa jikoni tangu alfajiri, Tusekile ameniambia. Karibu, wifi. Nikasema basi limenichafua tumbo, leo sili kitu. Maneno yamenitoka yamenyooka kabisa, bila hata kukwama. Kwa nini sikusema ninaumwa? Nimeona haya. Watu wana harusi, mimi nilete habari za mkojo?

Hawakunilazimisha. Kasian alikula ndizi tu. Kuku alirudi jikoni kama alivyokuja.

Baadaye nimekula mayai chumbani, nimejifunika shuka kichwani nisisikike nikitafuna.

Jumapili, 18 Agosti

Nataka kuandika upesi kabla sijajitetea.

Asubuhi nilisema tena tumbo. Tulipotoka kanisani Tusekile aliingia kunifagilia chumba. Maganda ya mayai yalikuwa chini ya kitanda, nimeyasahau. Hakuniambia neno, mtoto mwenye adabu. Ameyakusanya kwenye kiganja, akaenda nayo jikoni kwa mama yake.

Mchana akaja Damari kutusalimia. Huyu ndiye mama wa bwana harusi, mke wa mzee Jailos. Atuganile akatoa togwa. Akaonja yeye kwanza mbele yetu, kama inavyofanywa huku na kwetu pia, mwenye nyumba ameze mgeni aone hamna kitu ndani. Na leo hakuonja juu juu. Alikunywa hasa, huku ananitazama. Kisha akaniletea mimi kata, kwa mikono miwili, amepiga magoti.

Nikasema asante wifi, sina kiu.

Damari alikuwa na kikombe mkononi. Akanitazama. Akamtazama Atuganile. Akakiweka kikombe chini, taratibu sana, na hakukigusa tena mpaka alipoaga.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mungu wangu! Mgeni anayekuja nyumbani kwa mtu na chakula chake mwenyewe anasema jambo moja tu, kila mtoto anajua ni lipi. Na aliyelisema ni mimi. Mbele ya wakwe.

Jumatatu, 19 Agosti

Ukuta wa chumba changu ni mbao. Nimesikia yote asubuhi. Atuganile alimwambia Kasian: dada yako amekuja na chakula chake. Mliniambia ni wazee wa ukoo tu wanaosema, dada haamini. Kumbe anaamini. Hakuwa anapiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikatoka na khanga begani, sijanawa hata uso. Nikawaambia kweli yote: Sista, mkojo, dawa ya bluu, ugali. Atuganile akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, ugonjwa wa sukari? Nikasema ndiyo. Akasema, mbona ndizi zangu sikutia sukari, wala wali? Mimi nimezaliwa migombani, wifi, babu zangu wamekula ndizi mpaka wakazeeka, sijasikia ugonjwa unaokataza ndizi. Juzi ilikuwa tumbo. Leo sukari. Kesho utasema nini?

Nikamgeukia Kasian anisaidie. Kasian ni msimamizi wa vibarua wa barabara, hana maneno mengi. Aliniuliza swali moja. Na kuku, dada? Sista amekataza kuku?

Nimekaa na swali hilo kutwa nzima.

Kuku hakukatazwa. Majani ya maboga hayakukatazwa. Ningekaa pale Jumamosi nikala kuku na mboga nikashiba, na Sista angenisifu. Sikugusa. Nilipoiona ile sahani na ule mkono unaopakua nilimkumbuka mama, na ugonjwa ukanipa mahali pa kujificha. Hiyo ndiyo kweli. Niliogopa. Miaka yote hii nimemtetea kwa mdomo, kumbe tumbo langu lilikuwa upande wa wazee.

Najichukia leo. Sijui neno jingine.

Jioni nimekula. Ndizi, wali, kuku, mchuzi nimeunywa kwa kijiko. Nimeomba niongezwe. Atuganile ameniongeza bila kunitazama usoni.

Jumanne, 20 Agosti

Leo nimekula mbele ya mji mzima. Asubuhi uji wa sukari. Mchana ugali, nimetoka nao barazani makusudi wapita njia waone. Togwa nimeinywa kata baada ya kata, kila jirani akipita naita: njoo uonje, hakuna anayetengeneza togwa kama wifi yangu! Wengine walicheka. Mmoja alionja. Nilikuwa na furaha kwa muda kidogo, nasema kweli — mtu anapokula ugali baada ya siku nyingi, hata akiwa na majuto, ulimi unafurahi. Na hilo nalo ni la kujuta.

Mayai yaliyobaki nimeyatupa chooni.

Kasian amerudi kutoka kazini na maneno ya mzee Jailos. Kesho wanakuja kama walivyoahidi. Lakini watakula sinia moja na sisi, na shangazi wa binti aanze. Asipoanza yeye, watashukuru kwa heshima na kurudi kwao, na maneno ya harusi yatakuwa yamekwisha. Tusekile alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho, ila ungo ulisimama.

Nikasema kwa sauti kubwa, hilo tu? Nitaanza, tena nitamaliza!

Sasa ni machweo na sijisikii vizuri. Kiu haikatiki. Nimekwenda uani sijui mara ngapi. Maandishi haya yana ukungu, nasogeza daftari mbali halafu karibu. Baada ya ugali wa jioni nimetapika nyuma ya choo, nikafukia kwa udongo haraka haraka, nikageuka kuona kama kuna mtu.

Na nikiwa nimeinama pale ndipo nilipoona ubaya wenyewe. Nisipokula, nimesema Atuganile ni mchawi. Nikila nikaanguka, nimelithibitisha. Watasema si ndivyo tulivyosema? Shangazi amekula kwake siku mbili tu! Nilitaka kumsafisha, ninazidi kumchafua. Lazima nisiumwe mpaka kesho jioni. Baada ya hapo niumwe nitakavyo.

Jumatano, 21 Agosti

Asubuhi Atuganile alinishika mkono akanipeleka uani. Usiku sikuweza kufika chooni, nilijisaidia kando ya ua. Pale mahali palikuwa na sisimizi. Mstari mrefu kutoka kwenye mgomba mpaka pale, na pale penyewe pamekuwa peusi, wanapandana.

Akauliza, hii ndiyo ile sukari? Nikasema ndiyo, wifi.

Alichuchumaa akawatazama. Kisha akaenda jikoni, akarudi na majivu, akamwaga juu yao. Akafuta mikono kwenye khanga. Akaniambia, basi ulikuwa unaumwa kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza, na uliniogopa pia? Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana, sisimizi walikuwa upande wangu. Nikasema ndiyo, wifi, niliogopa. Unisamehe.

Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama naweza kutembea peke yangu, nikasema naweza, akaenda kuchinja kuku.

Mchana

Wamefika. Mzee Jailos, Damari, na wazee wao wawili. Nawasikia sebuleni, wanaulizana habari za mvua na ng'ombe. Nimevaa gauni la kanisani, nimekaa kitandani. Nikisimama nyumba inazunguka. Naandika ili nisilale, usingizi unanivuta vibaya.

Kasian amekuja mlangoni. Sinia limewekwa, mzee Jailos anauliza shangazi yuko wapi. Nimesema navaa. Akanitazama nilivyovaa, akarudi kuwaambia ninavaa.

Kisha ameingia Atuganile, akaufunga mlango kwa mgongo wake. Usitoke, amesema. Nitawaambia unaumwa, wakitaka kuondoka waondoke. Nikamwambia wakiondoka jina lako limekwisha Mbeya yote, na Tusekile hataolewa na mtu wa huku. Akasema anajua. Nikasema nitakula tonge chache tu, nicheke nao kidogo, nirudi nilale. Akanishika uso kwa mikono miwili, mikono inanuka kitunguu. Analia, hajifuti. Akasema: tonge siwezi kukunyima, wifi. Lakini ukinifia hapa, nani atasimama Iringa kunitetea?

Baada ya yote! Bado anahesabu mtetezi wake ni mimi.

Amekwenda kuchota maji ya kunawa. Sebuleni mazungumzo ya ng'ombe yamekwisha, na sisikii mtu akila. Damari amekohoa. Sasa nasikia beseni linagonga mlango wa jikoni, anarudi, na mimi bado sijamjibu.